Babu wa Kizungu Anataka Kutumia Akaunti Yako? Chanuka Kabla Hiyo Doo Haijakuletea Kesi

Wasee, kama unaishi Diani, Mtwapa, Kilifi, Watamu ama Malindi, hii risto unaijua. Kuna mzae wa Kizungu hapo mtaani, nywele nyeupe, kaptura na ndala. Amestaafu kwao na ameamua uzee wake ataumalizia hapa kwetu. Ni mpole, anasalimia kila mtu, sokoni anauliza bei ya nyanya kwa Kiswahili cha kuvunjika. Siku moja anakuita kando na kukuambia, "Rafiki, benki yenu imenikatalia. Nisaidie na akaunti yako. Pensheni yangu iingie huko, wewe unitolee, ukate kitu yako kidogo."

Unapiga hesabu mbio mbio. Huibi. Humdanganyi mtu. Doo ni yake, jasho la miaka arobaini kiwandani huko Ujerumani. Na kwa huu msoto wa sai, nani anakataa elfu kumi za bure kila mwezi?

Tulia kwanza. Hapo ndipo vijana wengi hujiingiza kwa ngori bila kujua. Si lazima mzae awe tapeli. Shida ni kwamba, siku unapokubali, kila swali ambalo benki, KRA na serikali zilikuwa zimuulize yeye, sasa zitakuuliza wewe. Na yeye ana majibu. Wewe huna.

Wacha tuichambue hii maneno polepole, tuanzie kwake, alafu tukirudi kwako utaona rada iko wapi.

Kwani mtu na pesa zake ananyimwaje akaunti?

Watu hudhani ukiingia benki swali la kwanza ni "Uko na ngapi?" Zii. Swali la kwanza ni "Wewe ni nani hapa Kenya?" Hapo ndipo mzae hukwama.

Tangu Januari 2024 mgeni haji tena na viza. Anaomba idhini ya kusafiri kwa mtandao, ile eTA, na kwa kawaida anapewa siku zisizozidi 90. Anaweza kuomba kuongezewa, lakini yote kwa jumla isipite miezi 6. Kwa makaratasi huyo ni mtalii tu. Haijalishi amekodisha nyumba Ukunda miaka mitano, ama mbwa wake wote wanajua Kidigo.

Anayetaka kukaa kihalali akila pensheni yake anahitaji kibali cha Class K. Hiki kiko kwa sheria zetu za uhamiaji na masharti yake ni matatu makubwa: awe na umri usiopungua miaka 35, aonyeshe mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, na asifanye kazi ya kuajiriwa hapa. Kwa dola ya karibu shilingi 129, hizo ni milioni 3 na ushee kwa mwaka. Kwa mwezi ni kama laki mbili na nusu.

Sasa cheki hii hesabu, ju ndiyo inafungua kila kitu. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Zidisha mara wiki 52 unapata kama pauni 12,000, yaani karibu dola 16,000 kwa mwaka. Haifiki 24,000. Kwa maana nyingine, Mwingereza ambaye hana pensheni ya kampuni, nyumba ya kukodisha kwao ama akiba nyingine, hawezi kutimiza hilo sharti la Class K kwa pensheni ya serikali peke yake. Kwa mtaa wetu huyo ni sonko. Kwa Idara ya Uhamiaji hajafika.

Na kuna kitu kingine wasee wengi hawajui. Uingereza huongeza pensheni ya wazee wake kila Aprili, lakini si kwa kila aliyehama. Aliyestaafia Mauritius anaongezewa. Aliyestaafia Kenya haongezewi. Pesa inaganda pale pale ilipokuwa alipoanza kuipokea huku. Akikaa miaka 15, anakula pensheni ya zamani kwa bei za leo. Kwa hivyo ukimwona mzae anabishana bei ya tuktuk, usimcheke sana. Anaweza kuwa na stress zake.

Kwa hivyo kuna wazae ambao doo ya kuishi Pwani wako nayo, lakini karatasi hawana. Wanaishi kwa stempu ya utalii, wakitoka na kurudi. Na bila karatasi, kaunta ya benki inakuwa ukuta.

Benki inataka nini hasa

Tuseme mzae amejipanga na Class K imetoka. Bado safari iko. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujisajili na kupewa cheti cha mgeni, ile kadi yake ya kutembea nayo. Alafu PIN ya KRA, kwa sababu sheria yetu ya kodi imeweka kufungua akaunti ya benki kati ya shughuli zinazohitaji PIN. Alafu mahali anapoishi: mkataba wa nyumba ama bili ya stima au maji. Hapo wengi hukwama tena, ju bili iko kwa jina la landilodi.

Alafu swali lenyewe: hii pesa inatoka wapi? Barua ya mfuko wa pensheni, taarifa za akaunti yake ya kwao za miezi kadhaa, pengine barua ya benki yake ikisema ni mteja wao wa muda mrefu. Kila benki ina masharti yake. Kuna zinazomfungulia mgeni asiye mkaazi kwa pasipoti na barua ya benki ya kwao, na kuna zinazodinda kabisa. Ndiyo maana mmoja anaambiwa ndiyo Malindi na mwingine anaambiwa hapana barabara hiyo hiyo.

Na fomu haziishii hapo. Kuna ya kusema analipa kodi nchi gani. Kenya iko kwenye mpango wa kimataifa wa kubadilishana taarifa za akaunti na ilitoa kanuni zake mwaka 2023, kwa hivyo akaunti ya Mjerumani hapa inaweza kuripotiwa kwao. Kama ni Mmarekani, kuna sheria yao ya FATCA ya 2010 inayofuata raia wao popote walipo. Tena Mmarekani ambaye akaunti zake za nje zimepita jumla ya dola 10,000 wakati wowote kwa mwaka lazima aziripoti kwa serikali yake.

Akipita hapo yote, Kenya ni tamu. Sheria ya kudhibiti pesa za kigeni tuliifuta mwaka 1995, kwa hivyo anaweza kufungua akaunti ya euro, ya pauni, ya dola na ya shilingi, abadilishe anapopenda bei. Nchi nyingi za Afrika hazina hiyo raha. Mlango wetu ni mgumu kuingia, lakini ukishaingia ndani kuna nafasi.

Kwa nini benki zimekuwa noma hivi

Hapa ndipo siasa za dunia zinaingia mtaani kwako.

Februari 2024 Kenya iliwekwa kwa orodha ya kijivu ya FATF, lile shirika la kimataifa linalofuatilia nchi zinavyopambana na pesa haramu na pesa za ugaidi. Maana yake si kwamba sisi wote ni wezi. Maana yake ni kwamba sheria na ukaguzi wetu vilionekana na mashimo, na tukapewa kazi ya kuyaziba tukiwa tunaangaliwa. Majirani wamekuwa wakitoka: Uganda ilitolewa mwezi huo huo sisi tulipoingia, Tanzania ikatoka Juni 2025. Oktoba 2025 zikatoka Afrika Kusini, Nigeria, Msumbiji na Burkina Faso. Sisi tukabaki.

Juni 2025 Umoja wa Ulaya nao ukatangaza kuiingiza Kenya kwa orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa ya pesa haramu. Hiyo inagusa wazae wetu moja kwa moja. Benki ya Italia, Ujerumani ama Ufaransa inapoona pesa inaelekea Kenya, inatakiwa kuongeza macho: nani anatuma, nani anapokea, kwa nini, kila mwezi kwa nini.

Sasa jiweke kwa kiti cha karani wa benki huko Hamburg. Jina la anayetuma ni la babu wa miaka 71. Jina la anayepokea ni lako, miaka 24, hamna undugu, na kila mwezi kunaingia euro 2,000. Yeye hajui mnakaa ploti moja. Hajui mzae alikufundisha kuendesha pikipiki yake. Anachoona kinafanana kabisa na mzee anayekamuliwa na matapeli wa mapenzi wa mitandaoni. Anaweza kuzuia hiyo pesa na kuanza kuuliza maswali.

Hapa nyumbani pia benki zimekazwa. Bunge lilirekebisha sheria za kupambana na pesa haramu mwaka 2023 na tena 2025, na ukienda kutoa ama kuweka milioni moja taslimu au zaidi unaulizwa imetoka wapi na inaenda wapi. Karani anayekuangalia vibaya hana chuki na wewe. Kazi yake inategemea lile jibu utampa.

Sasa turudi kwa akaunti yako

Tuchukue huo mfano wa euro 2,000. Kwa bei ya karibu shilingi 150 kwa euro, hiyo ni laki tatu kwa mwezi. Mwaka ukiisha akaunti yako imepokea milioni 3.6. Wewe ulibaki na elfu kumi kila mwezi, yaani laki moja na elfu ishirini mwaka mzima. Zingine zote ulimtolea mzae kwa ATM ukampelekea mkononi, bila karatasi yoyote.

KRA ina njia ya kukagua mtu kwa kuangalia kilichoingia kwa benki. Wanajumlisha, wanalinganisha na ulichotangaza, kinachobaki wanakichukulia kama mapato mpaka uonyeshe si mapato. Na sheria ya kodi inaweka huo mzigo wa ushahidi kwako wewe, si kwao. Laki tatu kwa mwezi kwa viwango vya kodi vya sasa ni kama elfu 82 za kodi kila mwezi. Kwa mwaka ni karibu milioni moja. Ongeza adhabu, ongeza riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi uliochelewa.

Umeona hiyo biashara? Ulipata laki na ishirini, unadaiwa milioni. Utamwambia nini afisa wa KRA? "Zilikuwa za mzee." Sawa, mkataba uko wapi? Risiti za kumkabidhi ziko wapi? Na mzee mwenyewe yuko wapi? Alirudi Hamburg mwaka jana kufanyiwa oparesheni ya nyonga.

Hiyo ni kodi peke yake. Kuna kubwa zaidi. Sheria yetu ya mwaka 2009 ya kupambana na uoshaji wa pesa inasema mtu anaweza kupatikana na hatia kama alijua pesa ni ya uhalifu, *ama kama alistahili kujua*. Rudia hayo maneno ya mwisho. "Sikujua" haikuokoi kama mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Kifungo ni hadi miaka 14, na faini inaweza kufika milioni 5 ama thamani ya mali yenyewe, ile itakuwa juu zaidi.

Utasema mzae wako ni msafi. Pengine ni kweli, na wengi ni watu wazuri tu waliochoka na baridi ya kwao. Lakini wewe umekagua nini? Benki yenye wanasheria na mitambo imeshindwa kujiridhisha kuhusu pesa yake. Wewe umejiridhisha ju alikununulia soda.

Na hata pesa ikiwa safi, jasho utatokwa. Mnakumbuka ile kesi ya 2021, ya mwanafunzi wa chuo aliyetumiwa milioni 102 na mpenzi wake Mbelgiji? Akaunti ilifungwa kwa amri ya korti, Shirika la Kurejesha Mali likaenda kuchunguza, na mitandao ikamchemsha wiki nzima. Mwaka uliofuata shirika liliondoa kesi na pesa ikaachiliwa. Alikuwa na mtumaji anayejulikana na aliyekuwa tayari kujieleza. Wewe ukifungiwa yako yenye elfu nane, na rent iko ndani, nani atakusimamia?

Usidhani M-Pesa ni njia ya kukwepa. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, inabeba mwisho nusu milioni na muamala mmoja hauzidi laki mbili na nusu. Kila kitu kina rekodi. Kumwachia mtu laini yako ni sawa na kumwachia sahihi yako.

Mzae naye hajui anavyojiumiza

Hii sehemu mwonyeshe yeye mwenyewe kama anasoma Kiswahili, ama mtafsirie.

Pesa ikiwa kwa jina lako, machoni pa benki ni yako. Ukiwa na mkopo uliochelewa hapo, benki inaweza kujikata. Ukipata ajali, Mungu apishe mbali, familia yako ndiyo itarithi pensheni ya babu. Bima ya amana ya serikali inamlinda mteja hadi shilingi 500,000 benki ikianguka, na huyo mteja ni wewe, si yeye. Na mkikosana? Ataenda kituo cha polisi kusema nini? Kwamba alikuwa akipitisha pesa kwa akaunti ya mtu mwingine ju hana kibali cha kuishi?

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani mapema. Siku akitaka kuomba Class K kwa njia safi, anahitaji kuonyesha mapato yake kwa karatasi. Lakini miaka mitatu yote pesa zake hapa zimeingia kwa jina la mtu mwingine. Alijificha vizuri sana mpaka sasa hawezi kujionyesha.

Na akifariki hapa? Sheria yetu ya urithi inasema nyumba na shamba vilivyoko Kenya vinafuata sheria ya Kenya, lakini vitu vinavyohamishika, pesa za benki zikiwemo, vinafuata sheria ya nchi aliyoihesabu kuwa kwao. Watoto wake watashuka kutoka Milano na wakili. Kama pesa iko kwa jina lake kuna utaratibu, polepole lakini upo. Kama iko kwa jina lako, wewe ndiye mshukiwa wa kwanza.

Pwani tumeiona hii sinema kwa upande wa ardhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inampa mgeni ukodishaji wa ardhi usiozidi miaka 99, si umiliki wa moja kwa moja. Kuna wageni wakatafuta njia ya mkato, wakaandikisha ploti kwa jina la mpenzi, la fundi, la mlinzi. Mapenzi yakaisha, kesi zikaanza. Akaunti ya kuazima ni ile ile ploti, ila hii inahama kwa simu kwa sekunde tatu.

Thailand wanaijua hii ngoma

Tusijione tuko peke yetu. Angalia Thailand, nchi ambayo wazae wa Ulaya na Marekani wamejaa kuliko hapa. Huko, mgeni wa miaka 50 na zaidi anayetaka kuongezewa mwaka kwa sababu ya kustaafu anaweza kuonyesha baht 800,000 ndani ya benki ya Thailand. Pesa ikae miezi miwili kabla ya kuomba, ikae miezi mitatu baada ya kupewa, na baada ya hapo isishuke chini ya 400,000. Kwa hivyo bila akaunti hana kibali, na bila kibali cha maana benki inamwangalia mara mbili mbili. Ni kuku na yai.

Huko pia kuna vijana waliouza ama kukodisha akaunti zao. Wathai huziita "akaunti za farasi", ju zinabeba mizigo ya wengine. Matapeli wa mitandaoni wakazitumia mpaka serikali ikachoka. Mwaka 2023 wakatunga sheria: ukifungua akaunti na kumpa mwingine aitumie kwa uhalifu wa mtandao, ni kifungo cha hadi miaka 3 ama faini ya hadi baht 300,000. Aliyefungwa si bosi wa matapeli aliye ng'ambo. Ni yule kijana wa kijijini ambaye jina lake liko kwa kadi.

Kwa kila nchi mambo huenda hivyo. Farasi ndiye hukamatwa, ju ndiye anajulikana anakolala.

Kuna njia safi, na bado utapata kitu

Sasa usimkimbie mzae. Ukimkatalia ukaondoka, atapata mwingine asiyesoma hii. Msaidie kwa mlango wa mbele, na kazi yako ilipwe kama kazi.

Kwanza, karatasi. Kama mapato yake yanafika dola 24,000, aombe Class K, na maombi yanafanywa kwa mtandao kupitia Idara ya Uhamiaji. Kama hayafiki, atafute mshauri wa uhamiaji anayetambulika amwangalizie njia nyingine. Kama ameoa ama kuolewa na Mkenya kihalali, kuna pasi ya mtegemezi, na baada ya miaka 3 ya ndoa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ndoa ya kweli, lakini. Si ile ya kupigana picha Fort Jesus.

Pili, kabla hata hajahama, abaki na akaunti yake ya kwao na aulize benki hiyo kama inakubali mteja anayeishi Kenya. Kuna benki za Ulaya hufunga akaunti mteja akihama. Ni heri ajue mapema kuliko kadi imezwe na ATM ya Malindi Jumamosi jioni.

Tatu, akusanye faili moja: pasipoti, kibali, cheti cha mgeni, PIN, mkataba wa nyumba wenye jina lake, barua ya pensheni, taarifa za benki ya kwao. Hapa wewe una kazi. Unajua landilodi, unajua ofisi, unajua lugha. Kumsaidia mtu kupanga faili na kumsindikiza ni huduma halali. Mwambie bei, akulipe, uandike risiti.

Nne, benki ikimkatalia, aulize ni karatasi gani imekosekana, alafu ajaribu benki nyingine. Kukataliwa na moja si kukataliwa na zote.

Tano, wakati akaunti haijatoka, si lazima pesa ipite kwako. Anaweza kutoa kwa ATM na kadi ya benki yake ya kwao. Anaweza kumtumia landilodi kodi moja kwa moja kwa kampuni za kutuma pesa. Makato yatamuuma, sawa, lakini jina la anayepokea linalingana na sababu.

Sita, kama amezeeka na miguu haimruhusu kwenda mjini, afungue akaunti kwa jina lake alafu aiandikie benki barua rasmi ya kukuruhusu kufanya shughuli fulani kwa niaba yake, yenye mipaka. Hapo pesa ni yake, rekodi ni yake, na wewe una karatasi ya benki inayosema ulitumwa. Tofauti ya hiyo na kuazimisha akaunti ni kama tofauti ya dereva aliyeajiriwa na mtu aliyekutwa na gari lisilo lake.

Saba, kama amekuajiri, mshahara wako uingie kwa akaunti yako ukiitwa mshahara. Huo ni wako, utangaze, lala usingizi.

Na kama tayari umeshaingia? Simamisha pesa mpya kuanzia mwezi huu. Andikeni pamoja kila kilichoingia na kila ulichomkabidhi, asaini, uambatanishe nakala ya pasipoti na barua ya pensheni yake. Alafu ongea na mtaalamu wa kodi kabla KRA haijaongea nawe. Mzae akikataa kusaini karatasi inayosema pesa ni yake, basi umepata jibu la swali ambalo ungemuuliza siku ya kwanza.

Hii maneno haihusu Pwani tu. Nanyuki kuna wazae, Karen kuna wazae, na hapo Kilimani kuna wageni vijana wanaotaka "kupitisha kitu kidogo tu" kwa laini yako. Ngozi haijalishi, umri haujalishi. Jina lako kwa benki ni kitambulisho chako kikiwa kazini. Ukilichafua sasa na miaka 24, mkopo wa kwanza wa biashara utakaouomba ukiwa na 30 utakumbana na hiyo historia.

Kwa hivyo akikuita kando na kuanza ile ya "rafiki, nisaidie", mjibu kwa heshima: "Mzae, akaunti yangu siwezi kukupa. Lakini kesho saa tatu tuko pamoja benki. Beba pasipoti na barua ya pensheni." Kama ni mtu wa kweli, atafurahi kupata mtu wa kumwongoza. Kama atakasirika, pia umejua.

Una beshte Pwani ambaye kadi yake ya ATM inakaa kwa mfuko wa mtu mwingine? Mtumie hii leo, usingoje mwisho wa mwezi pensheni ikiingia.